Nafsi Isiyo na Jinsia: Ujenzi wa Hisia na Maana katika Ushairi wa Kisasa wa Wanawake wa Iran

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna hisia na maana zinavyojengwa katika ushairi wa kisasa wa Kiajemi ulioandikwa na wanawake, hasa ule ambao wahakiki wameuhesabu kuwa wa kifeministi. Washairi watakaoangaliwa kwa karibu ni Forugh Farrokhzad (1934-1967) na Simin Behbahani (1927-2014). Alam Taj Qa'em-Maqami (1883-1946), Parvin Etesami (1907-1941) na Tahereh Saffarzadeh (1936-2008) watatajwa kwa kadiri wanavyosaidia kufafanua kazi za hao wawili. Hoja inayoongoza uchunguzi ni kwamba hisia katika mashairi haya si kitu kinachomwagika kutoka moyoni mwa mshairi hadi kwenye karatasi. Ni kitu kinachofinyangwa, na vyombo vya kukifinyanga, vya lugha na vya arudhi, vinaweza kuonyeshwa kimoja kimoja.

Suala hili si la nadharia tupu. Hafez wa Shiraz, mshairi wa karne ya 14, aliimba mvinyo na mapenzi, na kwa karne nyingi wafasiri wake wamebishana: je, mvinyo ule ni mvinyo kweli, au ni sitiari ya kumjua Mungu? Ubishi huo wenyewe ni heshima, kwa kuwa unamchukulia mshairi kuwa fundi ambaye nafsi inayosema ndani ya shairi lake si lazima iwe yeye. Farrokhzad alipochapisha katika miaka ya 1950 shairi lake "Gonah" (Dhambi), ambamo nafsineni inakumbuka faragha yake na mpenzi, ni wachache waliojishughulisha na sitiari. Shairi lilisomwa kama ungamo, karibu sawa na ushahidi unaotolewa mahakamani, na mshairi akahukumiwa kwalo. Uhuru wa "mimi" wa ushairi, ambao mwanamume aliupewa bila kuuomba, mwanamke aliukosa tangu jina lake lilipoonekana juu ya ukurasa. Na yafaa isemwe kwamba wale wanaomsifu leo kwa ujasiri wa kutoboa siri zake hawako mbali sana na wale waliomlaani. Pande zote mbili zinasoma maisha yake na kuliacha shairi.

2.0 Kiwakilishi na desturi ya ghazali

Lugha ya Kiajemi haina jinsia ya kisarufi. Kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja, *u*, humtaja mwanamume na mwanamke kwa usawa. Kitenzi hakibadiliki kwa kufuata jinsia, wala kivumishi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji ufafanuzi mrefu hapa. Sentensi "alikuja, akaketi, akanitazama" haimwambii kama aliyekuja ni kaka au dada, na hakuna mtu anayeiona kuwa na upungufu. Anayetaka jinsia ijulikane hulazimika kuiongeza kwa nomino.

Ghazali ya kale iliutumia mwanya huo kikamilifu. Mpenzi anayesifiwa humo ana nywele zinazonasa kama mtego, nyusi kama upinde na kimo kama mti wa mvinje. Sarufi haisemi kama ni mwanamke, ni kijana wa kiume, ni sultani mfadhili, au ni Mungu mwenyewe. Utata huo ndio uliotoa kina cha maana, na pia ndio uliotoa hifadhi, kwa sababu mshairi angeweza daima kurejea kwenye tafsiri iliyo salama zaidi. Mfasiri wa Kiingereza anapolifikia neno *u* hana budi kuchagua mwanamume au mwanamke, na kwa kuchagua anaziba mlango ambao mshairi aliuacha wazi kwa makusudi. Mfasiri wa Kiswahili halazimiki kuchagua. Kwa hiyo mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeusoma ushairi huu kupitia Kiingereza anapokea kizuizi ambacho lugha yake mwenyewe isingemwekea.

Hata hivyo desturi hiyo ilikuwa na mgawanyo wa kazi. Anayetazama na kusema ni mpenda. Anayetazamwa na kunyamaza ni mpendwa. Hata pale jinsia ilipofichwa, sauti ilihesabiwa kuwa ya kiume, na uzuri uliotazamwa ukabaki bila kinywa. Mwanamke aliyeshika kalamu aliikuta nafasi yake imekwisha kujazwa: alikuwa mle ndani ya shairi, lakini kama nywele na nyusi. Ndiyo maana swali la kwanza la mshairi wa kike wa Iran halikuwa "niseme nini?" Lilikuwa "nisimame wapi ili nisikike?"

3.0 Waliotangulia: sauti ndani ya vyombo

Jibu la awali lilikuwa kusimama nyuma ya vitu. Qa'em-Maqami, aliyeozwa kwa mume aliyemzidi sana umri, aliandika mashairi yake kwa siri, nayo yalikusanywa na kutolewa na mwanawe baada ya kifo chake. Humo anazungumza na kioo, na chanuo, na samovari ya kuchemshia chai. Vyombo hivi si mapambo. Mke ambaye hana wa kumsikiliza anasemezana na kitu kilicho mbele yake kila asubuhi, na uchungu unatokana na ukimya wa kitu hicho. Msomaji anaisikia ndoa nzima katika samovari isiyojibu.

Etesami, ambaye diwani yake ilitoka mwaka 1935, alichagua njia isiyo ya moja kwa moja zaidi. Aliufufua utanzu wa kale wa majibizano, *monazere*, unaokaribiana na yale ambayo washairi wa Kiswahili huyaita malumbano, akawapa kauli kitunguu saumu na kitunguu maji, sindano na uzi, yatima na mfalme. Nafsi ya mshairi haionekani kabisa. Wapo waliodai kwamba mashairi yenye ufundi wa namna ile hayangeweza kuandikwa na mwanamke. Dai hilo ni kinyume cha lile lililomkabili Farrokhzad miaka ishirini baadaye, lakini yote mawili yana mzizi mmoja: mwanamke asipojitaja, shairi si lake, akijitaja, si shairi.

Saffarzadeh, aliyezaliwa Sirjan, anafaa kutajwa hapa ingawa ni wa kizazi cha baadaye. Katika shairi lake kuhusu mahali alipozaliwa, kuzaliwa kwa mtoto wa kike kunasimuliwa kwa ukavu, kana kwamba ni taarifa ya karani, na hisia inazuka kutokana na shangwe ambayo haikutajwa. Msimulizi halalamiki. Anaorodhesha tu, na msomaji ndiye anayehesabu kilichokosekana. Saffarzadeh baadaye alijikita katika ushairi wa kidini na kuifasiri Kurani, na jambo hilo linapaswa kumtahadharisha yeyote anayelichukua jina "ufeministi" kama sanduku lenye ukubwa mmoja.

4.0 Forugh Farrokhzad: kutoka kizimbani hadi dirishani

Farrokhzad alizaliwa Tehran, akaolewa akiwa na miaka kumi na sita, akaachana na mumewe mwaka 1955, na mtoto wao wa pekee akabaki upande wa baba. Diwani zake tatu za mwanzo, *Asir* (Mateka, 1955), *Divar* (Ukuta, 1956) na *Esyan* (Uasi, 1958), zimeandikwa kwa sehemu kubwa katika beti za mishororo minne yenye vina. Ni rahisi kuzidharau kwa kuzilinganisha na zilizofuata, na mshairi mwenyewe baadaye alizungumza juu yake bila upendo mwingi. Lakini ufundi wa "Gonah" unastahili kutazamwa upya. Shairi limechukua msamiati wa toba, msamiati ambao kila msomaji wake aliujua kutoka msikitini na nyumbani, likaujaza furaha. Neno la dhambi linatamkwa mwanzoni na linarejea mwishoni, huku kitenzi chake kikiwa cha nafsi ya kwanza na cha wakati uliopita, yaani umbo lilelile la mtu anayetubu. Umbo linaomba msamaha; maudhui hayaombi chochote. Mshtuko walioupata wasomaji wa wakati ule ulitoka katika mgongano huo, kwa kuwa mapenzi ya mwili hayakuwa jambo geni katika ushairi wa Kiajemi. Zaidi ya hayo, mpenda na mpendwa wamebadilishana viti. Anayetazama macho ya mwenzake na kuyaeleza ni mwanamke. Mwanamume ndiye aliyegeuka kuwa kitu cha kutazamwa.

Mwaka 1962 Farrokhzad alipiga filamu fupi katika kituo cha wagonjwa wa ukoma karibu na Tabriz, *Khaneh siah ast* (Nyumba ni Nyeusi), iliyopata tuzo kwenye tamasha la Oberhausen mwaka uliofuata. Filamu hiyo inatajwa hapa kwa sababu inaonyesha jambo linalofanyika pia katika diwani yake ya nne, *Tavallodi digar* (Kuzaliwa Kwingine, 1964). Kamera haitafuti machozi. Inatulia juu ya mkono, kitana, darasa la watoto, na sauti ya mshairi inasoma juu ya picha hizo maneno yenye mwangwi wa Agano la Kale. Hisia inapatikana katika nafasi iliyopo baina ya kinachoonekana na kinachosikika. Vivyo hivyo katika diwani ya 1964, taswira mbili zisizotarajiwa kukutana huwekwa ubavu kwa ubavu bila kiungo. Katika shairi lililoipa diwani jina, mikono inapandwa bustanini kama mche, na matunda mekundu ya cheri yanageuka kuwa hereni za msichana. Hakuna kauli ya furaha wala ya huzuni. Kuna mwili ambao umekuwa mmea, na mchezo wa utotoni ambao umekuwa pambo, na msomaji anapaswa kuuvuka mwanya uliopo kwa miguu yake mwenyewe.

Taswira inayorudi mara nyingi kuliko zote ni ile ya dirisha. Katika diwani za mwanzo kuna kuta, vizimba na milango iliyofungwa. Kuanzia *Tavallodi digar* ukuta unaanza kutobolewa. Shairi fupi "Hediye" (Zawadi) linaishia kwenye tundu dogo la kutazamia uchochoro wenye watu, na neno lililotumika ni *dariche*, mlango mdogo. Neno hilo halipaswi kuwa geni kwa wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa ndilo ambalo wanaisimu wanalitaja kuwa asili ya neno la Kiswahili "dirisha". Mwanamke aliyefungwa haombi kutolewa. Anaomba mahali pa kutazamia. Haki inayodaiwa ni ileile ambayo ghazali iliwapa wanaume, haki ya kuwa jicho.

Upande wa arudhi unahitaji maelezo kidogo. Vipimo vya Kiajemi havihesabu mizani tu kama ilivyo katika shairi la Kiswahili la vipande vya nane kwa nane. Vinapanga silabi ndefu na fupi kwa utaratibu maalumu, na utaratibu huo hurudiwa kwa idadi ileile katika kila mshororo. Nima Yushij (1897-1960) hakuuvunja utaratibu. Aliruhusu mishororo itofautiane urefu kulingana na pumzi ya wazo. Msomaji aliyefuatilia mabishano ya wanamapokeo na wanausasa katika ushairi wa Kiswahili tangu miaka ya 1970 atatambua kwamba Nima alipita katikati ya pande hizo mbili. Farrokhzad alikwenda hatua moja mbele: aliongeza silabi ambazo sikio la mwanaarudhi mkali lingezihesabu kuwa kosa, ili mshororo ukaribie mazungumzo ya kawaida ya Tehran. Matokeo yake kihisia ni makubwa. Msomaji aliyezoea mapigo ya kale husikia mapigo yale yakianza, yakisita, yakianza tena, na kusita huko ndiko kunakosikika kama pumzi ya mtu anayesema.

Katika shairi refu "Iman biyavarim be aghaz-e fasl-e sard" (Na Tuamini Mwanzo wa Majira ya Baridi), lililoipa jina diwani iliyotolewa baada ya kifo chake, mbinu hizi zote zinakutana. Shairi linafunguliwa kwa kiunganishi, kana kwamba maneno mengi yamekwisha kusemwa kabla msomaji hajafika. Mara baada ya hapo nafsineni inajitaja kuwa mwanamke, kwa nomino *zan*. Katika lugha yenye jinsia ya kisarufi tamko hilo lisingekuwa na uzito. Kitenzi au kivumishi kingekwisha kulifichua. Katika Kiajemi, kusema *zan* ni kitendo. Nafsi ambayo sarufi ingeiacha bila jinsia, na ambayo ghazali ingeihesabu kuwa ya kiume, inajitangaza, kisha inasimama peke yake kwenye kizingiti cha baridi. Saa inagonga na kugonga tena. Upweke wa shairi hili umejengwa kwa kiunganishi kimoja, nomino moja na mlio wa saa.

Farrokhzad alifariki katika ajali ya gari mjini Tehran mwezi Februari 1967, akiwa na miaka 32. Alipoulizwa wakati wa uhai wake juu ya uanamke wa mashairi yake, alijibu kwa maana kwamba ni kawaida uonekane kwa kuwa yeye ni mwanamke, lakini kipimo cha sanaa si jinsia ya msanii. Jibu hilo mara nyingine hutumiwa kumwondoa katika ufeministi. Linaeleweka vizuri zaidi likisomwa kama dai la kurejeshewa kile alichopewa Hafez.

5.0 Simin Behbahani: kuigeuza nyumba kutoka ndani

Behbahani alichukua njia ambayo kwa juu juu inaonekana kuwa ya kurudi nyuma. Wakati wenzake walipoiacha ghazali, yeye aliishikilia. Lakini alitafuta vipimo vya arudhi ambavyo havikuwa vikitumika sana, au alianza na fungu la maneno alilolisikia katika mazungumzo, akalifanya pigo lake kuwa kipimo cha shairi zima. Wahakiki wa Iran wamemwita Nima wa ghazali. Vina vipo, umbo lipo, ila sikio halipati pale pa kuegemea lilipopazoea. Mfululizo wake wa mashairi ya *kowli*, mwanamke wa kabila la wahamahamaji, unampa ghazali msemaji ambaye hajawahi kuwa nayo: mwanamke asiye na nyumba, hivyo asiye na ukuta.

Mfano ulio wazi zaidi unahusu vita vya Iran na Iraki (1980-1988). Katika shairi mojawapo anaonekana mama aliyerukwa na akili, aliyetundika shingoni jozi ya mabuti ya mwanawe askari. Ili kuona nguvu ya picha hii, hapana budi kukumbuka kwamba shingo ya mpendwa na kidani chake ni mali ya kale ya ghazali. Msomaji wa Iran anapokutana na shingo ndani ya umbo hili, desturi inamwandaa kwa johari. Anapewa mabuti yenye kamba. Shairi halisemi neno lolote dhidi ya vita. Linaiacha nafasi ya johari ijazwe na kitu kingine, na kwa kuwa nafasi hiyo ilichongwa kwa karne nyingi ili kubeba uzuri, uzito wa kilichowekwa humo unazidi kiasi ambacho nathari ingeweza kubeba. Shairi huru lisingeweza kufanya hivyo, kwa kuwa halina nafasi iliyochongwa tayari.

Katika shairi lingine mwanamke anamtazama kijana aliyepoteza mguu mmoja, suruali yake imekunjwa. Hapa utazamaji, ambao Farrokhzad aliudai kama haki, unakuwa mzigo. Anayetazamwa anakataa kutazamwa. Anayetazama anageuza uso, si kwa dharau, na anapotaka kuzungumza naye kama mama kijana amekwisha kuondoka. Baina ya washairi hawa wawili, basi, jicho la mwanamke limepitia safari: kwanza kudai ruhusa ya kuona, kisha kujua gharama ya kuona.

Haifai kuuacha upande huu bila kutaja kwamba Behbahani hakuishia kwenye karatasi. Alikuwa miongoni mwa waliounga mkono kampeni ya Saini Milioni Moja ya kutaka sheria za ubaguzi dhidi ya wanawake zibadilishwe, iliyoanza mwaka 2006, na mwaka 2009 alitunukiwa pamoja na kampeni hiyo tuzo ya Simone de Beauvoir. Machi 2010, akiwa na miaka 82 na macho yake yakiwa karibu kupofuka, alizuiwa uwanja wa ndege wa Tehran kusafiri kwenda Paris.

6.0 Moyo unaoungua

Limebaki shairi moja ambalo linaonyesha vizuri kuliko mengine jinsi maana inavyoweza kufichwa ndani ya nahau. Ni "Delam baraye baghche misuzad" la Farrokhzad, lililomo katika diwani iliyotolewa baada ya kifo chake. Kiingereza hulifasiri jina hilo kwa maneno ya kuihurumia bustani, nayo ni tafsiri sahihi, kwa kuwa hivyo ndivyo Mwajemi anavyosema anapomwonea mtu huruma. Lakini neno kwa neno jina linasema kwamba moyo unaungua kwa ajili ya kibustani. Nahau imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuona moto ndani yake.

Shairi linauamsha moto huo. Kibustani cha uani kinakufa kwa kiu chini ya jua, na kila mwanafamilia ana njia yake ya kutokiona: baba ameshika tarehe na hadithi za wafalme, mama ameshika sala, kaka anakiita makaburi, dada ameolewa na kuhamia kwenye nyumba ya vitu vya bandia, na majirani wanapanda silaha badala ya maua. Msomaji anapofika kati anagundua kwamba kuungua si nahau tena. Kinachoungua kweli ni udongo, na moyo wa nafsineni unaungua kwa jua lilelile. Moyo na bustani vimekuwa kiungo kimoja, bila sitiari yoyote kutangazwa, kwa kuwa sitiari ilikuwamo katika lugha ya kila siku tangu mwanzo, na mshairi alichofanya ni kuipangia joto.

Nafsineni ndiye pekee katika nyumba ile anayefikiri kwamba kibustani kinaweza kupelekwa hospitali. Kauli hiyo ni ya kitoto kwa makusudi. Wakubwa wote wamekwisha kusema yao kwa lugha ya historia, ya dini, ya kejeli na ya starehe, na lugha zote hizo zimekuwa njia za kugeuza uso. Mfasiri wa Kiswahili anayelikabili shairi hili ana bahati ambayo yule wa Kiingereza hana, kwa sababu Kiswahili nacho huuweka uchungu moyoni na hukubali moyo uungue. Anaweza kuiacha nahau isimame kama ilivyo. Tatizo lake litakuwa *baghche*. Neno "bustani", ambalo nalo Kiswahili kilipata kutoka Kiajemi, linaleta picha ya mahali pakubwa pa kutembelea. *Baghche* ni kitalu kidogo cha uani kando ya kidimbwi, kinachoweza kumwagiliwa kwa ndoo moja na mtu mmoja, kama yupo wa kukimwagilia.